Koo la Baba na Miwa Iliyoungua

Mtu wa kwetu akianza kuacha obusuma sahanini, watu wa nyumba hutazamana. Obusuma ni ugali, na kwetu mtu ambaye hajala ugali hajala, hata kama amejaza tumbo kwa mkate na viazi na nusu ya chane la ndizi. Baba alianza kwa kuacha kidogo pembeni. Kisha akawa anasukuma kila tonge kwa maji. Mwishowe mama akaona kwamba akikaa kula anainama upande mmoja, anashika kifua, na jasho linamtoka kwenye paji la uso kana kwamba ameinua gunia. Tulipomuuliza alisema kinu cha sokoni kimeharibika, siku hizi unga unatoka na chenga.

Wakati huo nilikuwa nafundisha Baiolojia katika shule ya wasichana mjini Kakamega. Nyumbani kwetu ni upande wa Malava, na miaka ile huko hakukuwa na kitu kingine ila miwa. Sukari ilikuwa imewapanda watu kichwani. Waling'oa mahindi, wakang'oa migomba, wakapanda miwa mpaka kwenye dirisha la jikoni, hata ukitoka chooni unapigwa usoni na majani yake. Matrela ya trekta yalipita siku nzima yakimwaga miwa barabarani. Mabati mapya yalimeta kila ulikotazama, na chini ya mabati hayo watu walinunua unga dukani kama watu wa mjini. Kanisani mchungaji aliombea mvua ya miwa kwanza, wagonjwa baadaye. Mimi niliichukia miwa tangu utotoni kwa sababu majani yake yalinikata miguu, na kwa sababu baba aliipenda kuliko alivyotupenda sisi. Angalau hivyo ndivyo nilivyoona nikiwa na hasira, na sikukosa hasira.

Alikuwa ameanza maisha kama mkataji kwenye mashamba ya wenzake kabla ya kupanda yake. Kwa hiyo hakuna mkataji aliyeweza kumdanganya. Sukari ya muwa iko chini, karibu na udongo, na mtu mvivu wa kuinama hukata juu akaacha kisiki kirefu. Utamu unabaki shambani, na kisiki kinaoza. Kila ilipofika zamu yetu ya kukatiwa, baba alisimama mpakani na fimbo yake kuanzia asubuhi, akiwafuata wakataji mstari kwa mstari, akigonga kila kisiki kilichozidi urefu aliotaka. Wao walimwita jina baya ambalo sitaliandika hapa. Alilijua, na alilipenda.

Ilichukua muda kumfikisha hospitalini. Nilimpeleka mimi, kwa ugomvi, siku aliyoshindwa kumeza uji. Mjini Kakamega walimtia mrija wenye taa kooni, wakachukua kipande cha kupima, wakasubiri majibu, kisha wakatuambia ni saratani ya umio, ile njia inayoteremsha chakula tumboni. Ilikuwa bado haijaenda kwingine. Kulikuwa na nafasi, walisema, lakini mashine ya miale iko Nairobi.

Nairobi tulikaa kwa shangazi, dada yake baba, mjane aliyekuwa na vyumba viwili na redio isiyozimwa. Shule zilikuwa zimefungwa, kwa hiyo niliweza kwenda naye kila asubuhi. Daktari aliyempokea alikuwa mwanamke mfupi, mpole, mwenye miwani iliyoteleza puani. Alipojua nafundisha Baiolojia alifurahi, maskini, akadhani kazi yake imepungua.

Alivuta uzi mmoja kutoka kwenye bandeji iliyokuwa mezani, akaunyoosha mbele ya baba.

"Mzee, ndani ya kila seli ya mwili wako kuna uzi. Ndio unaoiambia seli ifanye kazi gani. Unaitwa DNA. Mashine yetu inaukata." Akaukata. "Lakini seli haikai tu ikitazama uzi wake umekatika. Ina protini zinazopita zikikagua. Zikikuta pamekatika zinatoa habari. Nyingine zinaizuia seli isigawanyike kwanza. Nyingine ni mafundi, zinakuja kuunga. Na kuna moja ambayo ni mlinzi. Yeye akiona uharibifu umezidi ufundi, anaiamuru seli ife."

Baba alisikiliza akiwa ameegemea fimbo kwa mikono miwili. "Na hii seli ya kansa," akauliza, "iko na huyo mlinzi?"

"Mara nyingi mlinzi wake ameharibika. Akiamuru hasikiki, au hayupo kabisa. Hiyo ni sababu mojawapo ya seli kuwa kansa. Lakini mara nyingi mafundi wake pia ni wabovu, na hapo ndipo tunapoishika. Tunakata kidogo leo. Mpaka kesho seli zako nzima zimejiunga, lakini zile mbaya hazijamaliza. Tunakata tena. Kesho kutwa tena. Wikendi tunakupumzisha, Jumatatu tunaendelea, wiki baada ya wiki."

"Na nikikosa?"

"Usikose. Ukizipa nafasi, zitajiunga."

Baba akaugusa ule uzi uliokatwa. "Ni kama kupalilia," akasema.

Daktari akatabasamu. "Naam. Ni kama kupalilia."

Nami nikatikisa kichwa, kwa kuwa lilikuwa neno zuri na lilimfanya baba akubali kulala kwenye kile kitanda chembamba. Tulitoka pale sote tumeridhika. Shangazi alipouliza daktari amesema nini, baba alimweleza habari za mafundi na mlinzi vizuri kuliko wasichana wangu wa kidato cha nne, na nilijisikia fahari. Mimi mwenyewe nilikuwa nimefundisha seli miaka yote hiyo kama mtu anayechora ramani ya nchi ambayo hajawahi kuikanyaga.

Watu wa kwetu waliita matibabu hayo kuchomwa. Mzee amekwenda kuchomwa, walisema, na kweli ngozi ya kifua ilikuwa nyeusi na kavu, na mate yake yalikuwa mazito. Alichoka hadi akawa anakaa kitandani kuvaa viatu. Lakini alikwenda kila siku. Shule zilipofunguliwa nikarudi Kakamega, na shangazi akashika zamu ya kumpeleka. Walikuwa karibu nusu ya matibabu. Uji ulikuwa umeanza kupita bila maumivu. Nilijiruhusu kutumaini, jambo ambalo silifanyi kwa urahisi.

Ndipo moto ukaingia shambani.

Watu walisema ni wawindaji wa ndezi, wale panya wakubwa wanaokaa ndani ya miwa. Huwasha moto upande mmoja na kusubiri na marungu upande wa pili. Siku hiyo upepo ulikuwa na mawazo yake. Mama alikuwa peke yake nyumbani. Aliona moshi, akatoka na ndoo ya maji, akasimama nayo mlangoni akijua kwamba haina maana yoyote. Miwa ikiungua hulia kama risasi. Shamba letu lote liliteketea majani, ikabaki miti myeusi imesimama.

Mwenye miwa iliyoungua hana muda wa kulia. Muwa ulioungua lazima ukatwe na kufikishwa kiwandani upesi, la sivyo unachachuka na kupoteza uzito, na kiwanda hakiutaki. Mama alikwenda kwa jirani aliyekuwa na simu ya mkononi, mojawapo ya zile za kwanza, nzito kama tofali, akampigia shangazi. Baba alipopewa simu, mama alisema maneno machache. Shangazi alikuwa amekaa kando na aliyasikia. "Miwa imeungua. Yote. Nifanye nini?"

Mama hakumwambia rudi. Nataka hilo lieleweke. Aliuliza afanye nini, kama alivyomuuliza juu ya kila kitu tangu alipoolewa, kwa sababu ndivyo alivyotaka baba.

Ilikuwa Ijumaa. Baba alichomwa asubuhi, mchana akapanda basi. Shangazi alijaribu kumshika begi. Baba alimwambia atarudi Jumatatu, na kwamba nani atasimamia wakataji, yeye shangazi?

Mimi niliambiwa na mzazi mmoja aliyekuja shuleni kumwona binti yake wiki iliyofuata, siku ya Jumatano. Alinipongeza. Mzee wako amepona, alisema, nimempita akiwa shambani na fimbo yake. Nilimwachia mwenzangu kipindi cha mwisho nikaenda bila kubadilisha viatu.

Nilimkuta mpakani. Shamba lilikuwa jeusi, wakataji walikuwa weusi kwa masizi mpaka meno yao yalionekana mapya, na baba alikuwa amesimama katikati yao na koti lililomzidi sasa, akigonga visiki.

"Baba, unafanya nini hapa?"

"Nasimamia. Hawa wanaachanga visiki mrefu."

"Leo ulitakiwa Nairobi. Na jana. Na juzi."

"Trekta haijakuja. Miwa iko chini. Niende niiachie nani?"

"Uiache ioze!"

Wakataji wakaacha kukata. Hakuna mtu aliyewahi kumwambia baba neno hilo, tena mbele ya watu, tena binti. Aliiondoa fimbo kwenye kisiki akanigeukia. Nilidhani atanipiga kwa fimbo, na laiti angenipiga, maana sauti aliyotumia ilikuwa ya upole na sikuwa nimejiandaa kwayo. "Mwalimu," akasema, "rudi kwa watoto ya watu. Trekta ikitoka na mimi natoka."

Nilipopita jikoni mama alikuwa anapepea moto ambao haukuhitaji kupepewa. "Mwambie arudi Nairobi," aliniambia bila kugeuka. "Mimi amekataa kunisikia. Nimemwambia miwa si kitu. Anasema nilimuita mwenyewe."

Trekta lilikawia. Kila mtu alikuwa na miwa, nyingine imeungua, nyingine imelala chini, na foleni ya kiwanda ilikuwa ndefu. Lilipokuja na miwa ikabebwa, nilimwandalia baba begi. Alisema kwanza mbolea iingie kwenye visiki. Mbolea ikaingia. Ndipo likatokea jambo baya kuliko moto.

Alianza kula.

Miale ilikuwa imefanya kazi yake hata baada ya yeye kuikimbia. Kile kivimbe kilikuwa kimepungua na njia ikafunguka. Alianza na ugali mlaini, kisha ugali wetu wenyewe, mgumu wa mtama na mahindi. Jumapili moja mama akachinja ingokho, kuku, yule jogoo wetu wa mwisho, na akampa baba imondo. Imondo ni firigisi, na kwetu ni ya mwenye nyumba. Hakuna mwingine anayeigusa hata kama mwenyewe yuko safarini. Ni kipande kigumu ambacho kinataka meno na koo. Tulikuwa wengi mezani, wajomba, majirani, mchungaji na mkewe, na wote walijifanya wanakula huku wakimtazama. Aliitafuna polepole. Akameza. Akafungua mdomo akatuonyesha hakuna kitu, kama mtoto aliyemeza kwinini.

Mke wa mchungaji akapiga vigelegele. Mama alitoka nje, nikamwona kupitia dirishani amejifunika uso kwa leso.

Jumapili iliyofuata baba alisimama kanisani kutoa ushuhuda. Alisema madaktari wa Nairobi walimchoma nusu, na Mungu akamaliza nusu. Watu walisimama wakaimba. Nilikuwa nimekaa nyuma na nilitaka kupiga kelele kwamba Mungu hajasema hivyo, kwamba aliyesema ni daktari, na aliyosema ni kinyume. Lakini sasa baba hakuwa anaacha tu matibabu. Akirudi Nairobi ni kusema mbele ya kanisa zima kwamba muujiza ulikuwa uongo.

Nilijaribu, hata hivyo. Nilikuja kila mwisho wa wiki. Mara nyingi tuligombana nikiwa nimesimama na yeye amekaa kwenye kiti chake cha kamba, akichokoa meno, kitu ambacho alikuwa amekikosa na sasa alikifanya kwa madaha.

"Daktari alisema usikose hata siku."

"Alisema ni kama kupalilia. Si wewe ulikuwa?"

"Nilikuwa. Ndiyo maana nasema urudi ukapaliliwe."

Akanionea huruma. "Mwalimu, wewe umezaliwa ndani ya miwa na huijui. Muwa unaupalilia mara ngapi? Mara ya kwanza, ya pili, ya tatu ikibidi. Halafu unafunika. Majani yanashikana juu, jua haliingii, magugu inakufa yenyewe huko chini. Umeona mtu anaingia na jembe kwa muwa umefunika? Huyo ni mwenda wazimu." Akaligusa koo lake. "Hii imefunika."

Nilielewa wakati huo tulichokitikisia vichwa siku ile. Daktari alikuwa ni mtu wa mjini aliyefikiria bustani ya maua, ambayo haina mwisho wa kupaliliwa. Mimi nilifikiria mahindi. Baba alifikiria muwa, kwa sababu hakuwa na shamba lingine kichwani, na mkulima wa muwa anajua kwa hakika kabisa kwamba kuna siku kazi ya jembe huisha. Hakuwa mjinga. Alikuwa anatumia akili yake yote, na yote ilikuwa ya miwa.

Nilimwambia seli si magugu. Nilimwambia juu ya mafundi. Kwamba hivi tunavyoongea, zile chache zilizobaki hazijafa, zinaunga nyuzi zake, na zikimaliza zitagawanyika. Akacheka akasema anamsikia fundi mmoja akigonga. Nilitoka nikatembea njia ya kati ya mashamba nikalia kwa hasira tupu, na majani ya miwa ya jirani yakanikata mikono.

Kabla ya mwisho wa muhula tonge likakwama. Alikuwa kwenye harusi, na watu walikuwa wanamtazama kama walivyozoea kumtazama akila. Aliinuka taratibu, akaenda nyuma ya nyumba. Mama alimfuata, akamkuta amepiga magoti. Kesho yake mama alinitumia ujumbe kwa simu ya jirani kwamba nimpeleke Nairobi.

Daktari yule mfupi alimpima kwa muda mrefu na hakumgombeza. Ningependa angemgombeza. Alisema kivimbe kimerudi, tena ni kikubwa kuliko mwanzo. Walimpa miale iliyowezekana kuongezwa na dawa ya kutundikiwa mshipani, ambayo nayo kazi yake ni kuharibu ule uzi, kuzishikamanisha kamba zake mbili zisiachane seli inapotaka kugawanyika. Baba alitapika mpaka akawa anatapika hewa. Nywele zikapungua, masikio yakaanza kulia. Kivimbe hakikutikisika. Mwishowe wakamtoboa tumbo wakamwekea mpira wa kupitishia uji.

Nilimfuata daktari kwenye korido.

"Mbona mara ya kwanza seli zilisikia na sasa hazisikii?"

"Tuliua zile dhaifu," akasema. "Zilizobaki ni zile zenye mafundi hodari. Tunakata, zinaunga. Na ule muda wote aliokaa nyumbani zilikuwa zinaongezeka, tena haraka kuliko mwanzo. Hufanya hivyo zikipunguzwa."

"Asingeondoka angepona?"

Alivua miwani akaifuta kwa koti. "Sijui. Huenda asingeondoka tungezimaliza. Huenda wale mafundi walikuwepo tangu siku ya kwanza na hata angekaa tusingeshinda. Hapa hatuna kipimo cha kuingia ndani ya seli zake na kuona ana protini gani na kwa wingi gani. Nikikuambia ndiyo nitakuwa nakudanganya, na nikikuambia hapana ni vilevile."

Nilimchukia kwa jibu hilo. Mimi ndivyo ninavyowafundisha wasichana, kwamba usichokipima usikiseme, na sikujua jinsi jambo hilo linavyouma likisemwa juu ya mtu wako.

Baba alikuwa macho niliporudi kitandani. Sauti yake ilikuwa imebaki ya kunong'ona. "Alisema nini?"

Nikamwambia yote, neno kwa neno. Alikuwa ananijua, ningepunguza angegundua.

"Hao mafundi hawalalangi?"

"Hawalali."

"Na hawaachi kisiki." Alitaka kucheka, ikawa kikohozi, nikamshika kichwa hadi kikapita. Alipotulia akanishika kifundo cha mkono, na vidole vyake vilikuwa bado na nguvu ya panga. "Mama yako asijue kwamba daktari hajui."

"Nimwambie nini?"

"Mwambie zilikuwa zimejiunga zamani. Kwamba ningekaa Nairobi, ningeenda nyumbani, ni yale yale. Yeye ndiye alipiga simu. Atakaa na hiyo kitu mpaka afe."

"Baba, mimi siwezi kudanganya juu ya seli."

"Utaweza," akasema.

Alikufa nyumbani, asubuhi, mama akiwa anampitishia uji kwenye mpira. Alikuwa mwepesi kiasi kwamba wanaume wawili tu walitosha kumtoa nje. Miwa ilikuwa imechipua tena kutoka kwenye visiki vile alivyovisimamia, imefika kiunoni, na ilibidi vijana waifyeke sehemu ili waombolezaji wapate pa kukaa. Siku ya maziko matrela yalipita barabarani kama siku zote. Mchungaji hakutaja ule ushuhuda. Alisema Mungu ana mipango yake, na nilimtazama mpaka akaangalia Biblia.

Nilikuwa na hasira na kila mtu. Na wawindaji wa ndezi, na kanisa, na firigisi, na kiti cha kamba kilichobaki mahali pake. Zaidi nilikuwa na hasira na wale mafundi, vile vitu vidogo ambavyo sikuwahi kuviona, ambavyo katika mwili wenye afya ni rafiki zetu, vinatulinda kila siku bila sisi kujua, na katika mwili wa baba vilimfanyia adui kazi ile ile kwa uaminifu ule ule. Hata kuvilaumu sikuweza. Huo ndio uchungu niliokuwa nao, na sikuwa na mtu wa kumpa.

Watu walipotawanyika, siku kadhaa baada ya baba kuzikwa, mama alinikuta uani nikichambua maharagwe. Akavuta kigoda akakaa upande wa pili wa ungo. Alikuwa amenyolewa kwa ajili ya msiba, na kichwa chake kilikuwa kidogo kuliko nilivyokijua. Tangu kifo hakuwa amelia mbele ya mtu, wala hakuwa amekula ila chai.

"Wewe unafundishanga hii vitu," akasema. "Niambie. Kama singepiga ile simu, angepona?"

"Hapana, mama."

"Sema vizuri."

Nikasema vizuri. Nilimfundisha kipindi kizima pale uani, uzi na miale, wakaguzi na mlinzi, na mafundi wanaounga. Nikamwambia kwamba seli za baba zilikuwa na mafundi hodari tangu mwanzo, kwamba hata angekaa Nairobi asikose siku moja, zingekatwa na zingejiunga, na mwisho ungekuwa huu huu. Sauti yangu haikutetemeka. Mama alisikiliza mikono imetulia kwenye ungo, na nikaona mabega yake yanashuka kidogo, na nikamshukuru baba kwa kunituma.

"Ni daktari alisema hivyo?"

"Ni daktari alisema."

Akaokota jiwe kwenye maharagwe, akalitazama, akalitupa.

"Alisema kabla ya moto, ama baada?"

Sikuwa nimejiandaa. Baada kungemrudisha pale pale kwenye ile simu, kwamba labda ni ule muda wa nyumbani uliozipa seli nafasi.

"Kabla," nikasema.

Mama akainamia ungo. Alipoinua uso, machozi ambayo tulikuwa tunayangoja tangu mazishi yalikuwa yameanza kuteremka.

"Kumbe mlijua kabla," akasema. "Sasa mbona mlimweka huko Nairobi akichomwa kila siku, na mimi nilikuwa hapa peke yangu?"